Vituo Ishirini Bila Kuvaa Viatu

Jumatatu, 3 Machi
Mhadhiri wa mitandao ya simu katoa kazi ya vitendo. Kila mmoja azunguke chuo, apime nguvu ya mtandao katika vituo ishirini. Katupa ramani na programu ya kupimia. Hasi sitini ni mtandao mzuri. Hasi mia na kumi ni kilio. Nusu ya alama za mwaka! Nikifeli narudia, na mdogo wangu anajiunga mwakani, kozi hii hii. Tutakaa benchi moja. Ataniita kaka mbele za watu, kwa makusudi.

Nimejaribu kituo cha kwanza, jikoni. Simu juu, macho chini. Mpishi akauliza kwa sauti namrekodi kwa idhini ya nani. Foleni nzima ikageuka. Nilitaka kueleza habari za mawimbi. Nikasema samahani mama, nikatimua mbio.

Jumanne, 4 Machi
Njia imepatikana! Mtandao mbaya ni mtandao uliozibwa tu. Simu juu ya mto: hasi sabini na mbili. Hiyo ni ofisi ya mkuu. Chini ya godoro: hasi themanini na tano. Madarasa hayo. Ndani ya sufuria, kifuniko juu: hasi mia na nne. Maktaba! Saa sita mchana nimemaliza chuo kizima, peku.

Mnara, mwenzangu wa chumba (akisimama mlangoni utajua kwa nini anaitwa hivyo), karudi jioni na vumbi hadi kwenye kope. Vituo tisa tu. Nikampa pole. Akauliza mbona simu yangu inanuka vitunguu.

Jumatano, 5 Machi
Ole wangu. Mhadhiri kaonyesha ramani ukutani. Nukta za wenzangu zimetapakaa kama mahindi waliyomwagiwa kuku. Zangu ishirini zimerundikana mahali pamoja. Bweni la pili, chumba changu. Nilisahau kwamba programu huandika pia mahali simu ilipo.

Mhadhiri akasema tangu aanze kufundisha hajaona kitanda kilichopimwa kwa kina namna hii. Darasa likavunjika mbavu. Siku za mwizi arobaini. Zangu hazikufika hata tatu.

Nimepewa hadi kesho jioni. Mnara akajitolea tuzunguke pamoja. Kutembea na Mnara ni kutembea na bendera. Nikamwambia asante, nina mpango.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango: mzee wa toroli la taka hupita kila jengo. Alfajiri nimebandika simu chini ya toroli kwa utepe. Programu inajipimia yenyewe. Mimi nyuma, nguzo hadi nguzo.

Kituo cha saba, mbele ya kantini iliyofurika, mama mdogo akapiga simu. Toroli likaanza kuimba. Mzee akaruka pembeni, akatangaza kwamba ana miaka kumi na toroli hili na halijawahi kumfanyia hivi. Watu wakajaa. Ikabidi nijitokeze. Shikamoo yangu ikatoka kama ya mbu. Akaitikia marahaba, akasema mwanangu, kama ulitaka kuzunguka si ungesema? Akanikabidhi mpini.

Nimesukuma taka vituo kumi na vitatu. Kila mlango mtu kanisalimia. Mpishi kauliza kama leo narekodi maganda. Mnara kaniita Injinia wa Jalala, na jina limeenea kuliko mtandao wenyewe.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefaulu! Hamsini na mbili. Mdogo wangu atafute benchi lake. Mhadhiri kasema vipimo vyangu vimepangika kuliko vya wote, maana toroli halikimbii mpishi. Akauliza kama nimejifunza kitu. Nikajibu sana, mwalimu.

Kazi mpya: tuwahoji watumiaji ishirini wa simu, tuwarekodi sauti. Ishirini! Uso kwa uso!

Nimejifungia chumbani, najaribu sauti. Babu mwenye kikohozi namweza. Mtoto pia. Nikiingiza kichwa kwenye sufuria, hata mpishi anatoka vizuri.

Wamebaki kumi na saba.