Wiki Niliyokuwa Mchoraji Polgarrow

Jumamosi, 14 Juni

Tumefika Polgarrow, mji wa pwani, kwa likizo ya wiki moja. Nimekwisha! Nimeupenda mji huu kama kijana aliyeona msichana dirishani. Nyumba nyeupe zimebanana kushuka hadi bandarini kama watu wanaosukumana kuona bibi harusi. Kila ukigeuka, duka la picha. Hata kituo cha zimamoto kina sanamu ya samaki mlangoni. Na mwanga wake! Kwetu Leicester hatuna mwanga, tuna taa.

Mke wangu Hester anataka twende na boti kuwaona sili, wale wanyama wa baharini wenye nyuso za mbwa aliyeonewa. Nimemwambia tutakwenda Jumatatu. Kwanza niujue mji.

Mama wa duka la magazeti kaniita "mpenzi wangu". Mara mbili! Siku ya kwanza tu, tayari mwenyeji. Hester anasema na mbwa aliyekuwa nyuma yangu kaitwa hivyo hivyo. Wivu.

Jumapili, 15 Juni

Nimeamua. Tunahamia hapa. Hester bado hajui.

Nimeliona ghala. Lilikuwa la kuwekea nyavu za samaki zamani, liko juu ya ukuta wa bandari, na dirisha lake ni pana kama ukuta mzima. Tupu! Nilibandika pua kwenye kioo nikajiona humo ndani, nina ndevu, nakunywa kahawa bila kuzungumza na mtu.

Nilipogeuka nikakuta mwenye ghala amesimama nyuma yangu. Bi Loveday Trevanion. Mwenyekiti wa chama cha wachoraji wa mji. Hereni zake kubwa kama vijiko vya supu. Akaniuliza natafuta nini, nikasema napanga kulikodi. Akasema halikodishwi kwa watu wa likizo. "Sisimizi wametutosha, bwana. Wanakuja kiangazi, wanamaliza mkate, wanaondoka." Sisimizi! Ndivyo wanavyotuita huku. Ghala ni la msanii au litakaa tupu.

Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba mimi ni mchoraji.

Mdomo huu! Mimi nauza vigae vya bafuni. Lakini kigae si rangi? Kigae si umbo? Akaniuliza nachora nini. Nikasema bahari. Akasema vizuri sana, Ijumaa jioni chama kinafungua maonyesho, nilete kitu "tuuone mkono wako".

Nimechelewa chakula cha mchana. Hester alishakula peke yake.

Jumatatu, 16 Juni

Boti imeahirishwa. Nimemwambia Hester kwamba upepo si mzuri. Akatazama nje. Bendera ilikuwa imelala kwenye mlingoti kama taulo.

Nimenunua vifaa. Rangi, brashi, miguu mitatu ya kuegemezea picha, na lile shati pana la turubai la buluu wanalovaa wachoraji wa huku. Nikajiona kwenye kioo cha duka. Heshima tupu.

Maji yalikuwa yamekupwa, mashua zimelala ubavu matopeni. Nikateremka mpaka katikati ya bandari, nikatega miguu yangu mitatu, nikaanza. Kazi ilinimeza kabisa. Nilipostuka, maji yalikuwa magotini, na sanduku la rangi linaelekea Amerika.

Juu ya ukuta alikaa bwana mmoja mwenye ndevu, analamba aiskrimu. Alikuwapo muda wote. Nikampigia kelele, kwa nini hakuniambia maji yanajaa? "Nilidhani ndiyo sanaa yenyewe," akasema. "Siku hizi mtu hujui."

Huyo ni Jago Tangye. Mchoraji wa kweli, amezaliwa hapa hapa. Paa lake linavuja, na yeye pia analitaka ghala. Sasa nina adui. Msanii bila adui si msanii.

Jumanne, 17 Juni

Shati la buluu limetoa rangi. Jana lililoana, leo mimi ni buluu kuanzia shingoni hadi kitovuni. Sabuni haisaidii.

Hester alipoingia bafuni akanikuta, alicheka hadi akashika ukuta. Machozi yakamtoka. Akajaribu kusema "Clement, umekuwa kama..." akashindwa kumaliza, akakaa chini sakafuni na kucheka tena.

Nikamwambia sanaa si mzaha.

Akainuka, akanipa taulo. Ninaandika haya nikijuta. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimfanya mke wangu acheke, na nilichofanya ni kumzima kama redio.

Kumfidia, nimemwahidi boti. Kesho asubuhi. Nimeapa.

Jumatano, 18 Juni

Sikwenda.

Si kosa langu! Kabla hatujatoka, Bi Loveday kanikuta mlangoni, akanialika chai na kamati ya chama, saa ile ile. Ningesema nini? Nikamweleza Hester kwamba ni mambo muhimu, sababu atakuja kuijua na atafurahi. Akasema, "Haya."

Nazifahamu "haya" za Hester. Hii ilikuwa fupi sana.

Chai yenyewe balaa. Nikapaka krimu kwenye skoni, vile vikeki vyao vya chai, kabla ya jemu, meza nzima ikaweka vikombe chini. Kumbe huku jemu hutangulia, wanaoanza na krimu ni jirani zao wa jimbo la pili, ambao hawatajwi. Jago akasema kwa upole, "Mwacheni. Wachoraji wa bahari huanza na povu." Wote wakacheka. Kisha akaniuliza napenda kuchorea juu ya nini. Nikasema juu ya sehemu kavu, isiyo na mafuta, na niache siku nzima igande. Nilikuwa naeleza namna ya kubandika vigae. Mzee mmoja wa kamati akaandika.

Nimerudi kwenye chumba chetu cha kukodi, kile cha darini, nikamkuta Hester amerejea kutoka kwenye boti. Uso mwekundu kwa upepo, chumvi kwenye nywele, macho yanang'aa. Akaanza kunisimulia. Kulikuwa na sili mmoja mkubwa, amelala juu ya jabali peke yake, na nahodha akasema kwamba huyo...

Nikamwambia asubiri kidogo, kuna jambo nalifikiria.

Hakuendelea. Nami sikuuliza.

Alhamisi, 19 Juni

Nimechora tangu asubuhi. Picha ya kwanza ya bandari imefanana na sinki. Ya pili: sinki lililoziba. Ya tatu nimeigeuza ukutani.

Hester alikwenda kutembea. Natafuta kitambaa cha kufutia brashi, nikainua mto wa kiti chake, nikakuta daftari la kuchorea. Nikalifungua.

Sili. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa makaa ya kuchorea. Sili wanaogombana, sili anayepiga mwayo, na yule mkubwa peke yake juu ya jabali, jicho moja limefumba, mzito na mpweke kiasi kwamba nilitaka kumwomba radhi. Kurasa za nyuma, mimi. Nimelala mdomo wazi. Mimi nimesimama majini na brashi. Basi Jumatatu naye alikuwa kwenye ukuta wa bandari! Alikuja kuniangalia, na hakusema.

Sikujua anachora. Tumelala kitanda kimoja tangu ujana wetu, sikujua.

Mtu mwingine angekaa hapo hapo amngoje mkewe. Mimi nikaangalia saa: maonyesho ni kesho.

Nilijieleza hivi: mke na mume ni kitu kimoja. Yeye ni mwenye haya, hatamwonyesha mtu. Na ghala litakuwa lake vilevile, zawadi ya ghafla! Nikakata kurasa tatu za sili polepole sana, nikaandika pembeni jina langu, C. Ibbotson, nikakimbia nazo kwa Bi Loveday.

Bi Loveday aliweka mkono kifuani. Jago Tangye, yule Jago, alivua kofia. Akasema, "Nisamehe, bwana. Nilikudharau." Akanipa mkono, na nikaona kuwa anasema kweli, na kwamba paa lake litaendelea kuvuja.

Nilitegemea kufurahi. Nilijihisi kama mtu aliyekula chakula cha mwenzake kwenye jokofu la kazini.

Hester hajalifungua daftari usiku huu. Namshukuru Mungu.

Ijumaa, 20 Juni

Nitaandika upesi, nimalize.

Ukumbi ulijaa. Sili watatu katikati ya ukuta, wamewekewa taa. Nilikuwa nimepanga Hester aje baadaye, nikishapewa ufunguo. Nimtolee mfukoni! Nikamwambia tukutane mkahawani. Lakini kumbe Bi Loveday alimkuta mtaani akamvuta, njoo mama, njoo uone kazi ya mumeo.

Nikamwona anaingia. Amevaa gauni la kijani. Akatembea moja kwa moja hadi kwenye picha, akasimama. Nikangoja apige kelele. Hakupiga. Alisoma jina pale pembeni, kisha akaenda kusimama nyuma kabisa, karibu na meza ya divai, kama mtu aliyekosea harusi.

Jago akanisogelea mbele ya wote. Hakuwa na ubaya, alitaka kujifunza tu. Akaniuliza kwa nini huyu mkubwa nimemfumba jicho moja.

Nikasema ni siri ya bahari. Nikasema bahari huona nusu na kuficha nusu. Nikaongeza mambo ya mwezi. Watu wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali.

"Ni kipofu." Sauti ya Hester, nyuma. Si ya hasira, ya uchovu. "Jicho hilo aliumizwa na propela ya boti. Nahodha alitueleza. Wenzake wanamletea samaki."

Bi Loveday akamtazama Hester usoni, kisha akateremsha macho hadi vidoleni mwake. Makaa hayatoki haraka kwenye kucha. Jago akasema taratibu, "Ndugu yangu ndiye nahodha wa boti ile. Alisema kulikuwa na mama mmoja anachora, hakutaka hata kushuka."

Nikafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza wiki hii haukuwa na kitu.

Hester hakunigombeza njiani. Ningependa angenigombeza. Tulipofika darini akasema tu, "Ungeniomba, Clement. Ningekupa. Ningefurahi kuombwa."

Jumamosi, 21 Juni

Ghala limepata mpangaji. Hester. Hadi Septemba.

Bi Loveday alikuja asubuhi na ufunguo. Alinipita pale mlangoni kana kwamba mimi ni mwavuli. Jago akaja nyuma yake amebeba meza yake mwenyewe ya kuchorea, ampe Hester. Nikamwuliza na paa lake je? Akasema litavuja, limezoea.

Hester amempigia simu daktari wa meno aliye mwajiri wake, kaomba likizo bila mshahara. Nikamwuliza kama ananiacha. Akafikiri, jambo ambalo sikulipenda. Akasema hapana. Anataka kujisikiliza mwenyewe kidogo, kwa sababu nyumbani kuna kelele. Nikasema nyumbani hakuna kelele, tuko wawili tu. Akaniangalia.

Alinisindikiza stesheni. Alininunulia pasti, andazi la huku la nyama na viazi, kwa safari, akanifunga vifungo vya koti hadi juu, kama zamani. Treni ilipoondoka alikuwa akipunga mkono, na nyuma yake bahari yote ile na mwanga wote ule, na mimi nimekaa upande usio sahihi, nikalazimika kumtazama kupitia kwapa la mtu.

Nilisahau kumwuliza jina la yule sili. Nina hakika alimpa jina.

Jumapili, 29 Juni

Leicester. Mvua. Nyumba ina ukimya wa duka lililofungwa. Nilipika mayai mawili kwa mazoea, la pili nikalitazama.

Hester kapiga simu! Sauti yake changa. Anasema anachora tangu asubuhi mpaka mwanga unaisha, na Bi Loveday amemfundisha kuvuta kaa wa bandarini kwa kamba. Nikamwambia nakuja Ijumaa. Akasema nisije, bado. Nikauliza basi nifanye nini. Nilimwuliza kwa dhati.

Kisha akasema, "Niandikie barua. Kitu chako mwenyewe, Clement. Hata mistari miwili. Sijali kama ni mibaya, nataka tu nikusikie wewe." Nikasikia kwamba analia, au ni ndege shakwe.

Nimeahidi. Nikakaa mezani mchana kutwa. "Mpenzi Hester, mvua inanyesha." Nikafuta. "Mpenzi Hester, nimekula yai lako." Nikafuta. Niliyataka ya kweli, na ya kweli yote yalikuwa madogo, ya aibu, hayafai kupelekwa kwa msanii.

Halafu nikapata wazo, na moyo wangu ukapaa! Bwana Osgood wa mlango wa pili alifundisha fasihi maisha yake yote, na tangu afiwe na mke hana la kufanya. Nimempelekea chupa ya divai. Ameahidi kuniandikia barua ya kurasa mbili kufikia Jumanne, zenye kumtoa mtu machozi, na ameniuliza tu rangi ya macho ya Hester. Nimemwambia kahawia. Nadhani kahawia.

Hester hatajua kamwe. Mwandiko utakuwa wangu mwenyewe.