Vumbi la Chumba Chetu

Jumatano, 11 Juni
Mke wangu ametoa hukumu. Mashine yangu ya gemu inanguruma kama ya kusaga nafaka, na mama yake hasikii mchezo wake wa redio. Isiponyamaza kufikia Jumamosi, inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Jumamosi! Siku ileile anayokuja kaka! Nilimweleza kwamba tuliichezea mimi na kaka tulipopanga chumba kimoja, tukalalia godoro moja. Kwamba ndani yake bado zimo mbio zetu za magari, na rekodi ya kaka ambayo sijaivunja mpaka leo. Akasema basi niivunje kabla ya Jumamosi.

Nimeifunika kwa blanketi. Kimya kitamu! Kisha ikazima yenyewe, sebule ikanuka plastiki. Mama mkwe akauliza kutoka chumbani nani anapiga pasi.

Alhamisi, 12 Juni
Hila mpya. Nimeihamishia kabatini, mlango nikafunga, nyuma nikatoboa matundu ya hewa. Kabati ni la mama mkwe, lakini alikuwa amekwenda kusuka. Kelele zikapungua, joto likapanda. Aliporudi alikuta magauni yake yamepata joto. Hakunigombeza. Aliniita mkwe wangu, kwa upole wa kutisha, akaongeza sauti ya redio. Nami nikaongeza ya runinga. Akaongeza tena. Mke wangu akazima swichi kuu.

Ijumaa, 13 Juni
Nimesalimu amri, nimeipeleka kwa fundi redio. Kaifungua. Feni imevaa vumbi nene la kijivu, kama kofia ya sufu. Kasema tatizo ni hilo tu, kachukua brashi. Nikamdaka mkono! Lile ni vumbi la chumba chetu. Barabara ilipita mlangoni, dirisha halikuwa na kioo, na kila lori lilipokuja kaka alivua shati akaifunika mashine. Vumbi lile limetuona tukilala njaa huku tunacheka. Nimezikumbuka siku zile, nikaikumbatia mashine palepale mezani. Fundi aliniangalia, akauliza kama nina mtu wa kunirudisha nyumbani.

Nimerudi nayo, na vumbi lake.

Jumamosi, 14 Juni
Asubuhi nimeikalisha juu ya sinia la barafu. Barafu imeyeyuka, zulia limelowa, ngurumo palepale. Mke wangu kamwita mnunuzi wa vyuma, naye huyo kasimama mlangoni na mkokoteni. Roho juu! Hapo hapo kaka akaingia. Kitambi kimemtangulia, nywele zimemkimbia, kicheko ni kilekile. Nikamfungulia mashine kwa heshima, nikamwonyesha vumbi letu, nikingoja machozi. Yalimtoka, kwa chafya.

“Mdogo wangu, hili ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Umelitunza la nini?”

Akaazima brashi ya poda ya shemeji yake, akalipangusa lote uani, upepo ukalichukua. Nilisimama pale kama mfiwa. Tulipowasha mashine, haikunguruma wala haikupata moto. Mnunuzi akaambulia sufuria iliyotoboka, akaenda zake.

Tumecheza mchana kutwa. Kaka aliivunja rekodi yake mwenyewe, akaruka na kupiga yowe kama zamani, akanikumbatia na jasho lake lote. Mama mkwe alipunguza redio ili ajue nani anashinda. Mwaka huu sijapata furaha kama ile.

Jumapili, 15 Juni
Kaka ameondoka. Nimemkumbuka kabla hajafika stendi. Kucheza peke yangu sikuweza, nikakaa tu sebuleni. Nyumba kimya mno.

Ndipo nikaisikia friji. Inanguruma! Mke wangu anasema friji zote hulia hivyo, niiache kama ilivyo. Mambo ya mashine hayajui. Sasa yeye na mama yake wamekwenda sokoni, na mgongo wa friji nimeshaufungua. Kuna waya mmoja hapa ambao sioni kazi yake.