Moyo Wangu Kwenye Mizani ya Saumu

Jumanne, 2 Septemba 2025

Nimeanza dawa. Namshukuru Mungu, na nawaomba radhi abiria wote niliowakanyaga nikishuka basi Mbulu mjini.

Daktari ni kijana mwenye adabu, mwenyeji wa Songea. Amenieleza kwamba misuli ya moyo wangu imelegea na kutanuka, hivyo haisukumi damu ipasavyo. Nikamwomba samahani. Akasema si kosa langu. Amenipa kidonge kipya cha kuusaidia moyo, na kingine cha kutoa maji mwilini. Masharti: chumvi kidogo, nisisimame ghafla, nijipime uzito kila asubuhi na kumpigia simu muuguzi, Sista Violeth, kumtajia kilo. Uzito ukipanda upesi, maana yake maji yanarudi na moyo umezidiwa.

Binti yangu Perpetua alikuwepo, ametoka Katesh kwa ajili hiyo. Alitamka mbele ya daktari kwamba baada ya wiki mbili, kama dawa haijanikubali, nitahamia kwake. Nyumba yake iko mahali tambarare. Ni kweli. Haina kilima. Haina pia ng'ombe, wala shamba la vitunguu saumu, wala kaburi la mama yake, ambalo mimi hulisalimu kila asubuhi kabla ya chai. Nilijibu kwamba nimesikia. Sikusema kwamba nimekubali.

Mzee Sulle, jirani yangu hapa Nambis, ameanzishwa dawa ileile siku ileile. Njiani alinitangazia kwamba moyo wake umetanuka kuliko wangu. Nilimpa hongera. Hata hivyo iliniuma.

Jumatano, 3 Septemba

Kidonge cha maji kinafanya kazi. Kinafanya kazi mno! Naomba radhi kwa mahindi ya uani.

Kidonge cha moyo nacho si haba. Alipita mwenyekiti wa kitongoji, nikasimama upesi kumpokea kwa heshima, dunia ikazunguka, nikamwangukia kifuani na kumshika kwa mikono yote miwili. Hatujawahi kukumbatiana. Aliondoka akifuta macho.

Sasa suala la uzito. Sina mizani. Zahanati iko ng'ambo ya bonde. Sulle hupelekwa na mwanawe Yonas kwa pikipiki, kama askofu. Mizani iliyo karibu ni ya Renatus, mnunuzi wa saumu, ile ya kuning'inia kwenye boriti ya ghala lake. Nikamwendea. Renatus aliniamkia vizuri, akauliza kama nimeleta mzigo. Nikamweleza kwamba mzigo ni mimi. Akatoboa gunia matundu mawili ya miguu, akanitundika.

Mbele yangu walikaa akina mama wakichambua saumu. Nilivua kofia na kuwasalimu kutoka hewani. Kamba ilikuwa ikinizungusha taratibu, hivyo kila mmoja nilimsalimu mara mbili.

Majibu: nimepungua kilo tano tangu jana! Kwa siku moja! Nilimpigia Sista Violeth, akashangaa. Nilimpigia Perpetua, akapiga vigelegele.

Ni haki niandike kwamba mizani hiyo ina historia. Mwaka jana nilisimama katika mkutano wa kijiji, nikalalamika kwa kirefu kwamba inawapunja wakulima. Naomba radhi kwa maneno yale. Nilikuwa nikiiangalia kwa upande mmoja tu.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimepungua tena. Sulle, kwenye mizani ya zahanati, hajapungua hata kilo moja kamili. Nilimtembelea kumfariji. Akaniuliza, Katekista, wewe unapimiwa wapi? Nikajibu kwamba ninapimiwa jirani. Akasema hm. Siipendi hm ya Sulle.

Jumapili, 7 Septemba

Vita ya benchi. Mgonjwa wa kidonge cha maji hawezi kukaa katikati ya kanisa. Benchi la mlangoni lina nafasi moja iliyo nzuri, ile ya ukingoni. Nilifika mapema. Sulle alikuwa ameshakaa. Nikamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba nimefundisha katekisimu katika kanisa hili tangu ujana wangu. Akanijibu kwamba kibofu chake hakijasoma katekisimu.

Mahubiri yalikuwa marefu. Nilipita juu ya magoti yake mara tatu, nikimwomba radhi kila mara. Mara ya tatu alinyanyuka naye, tukakwama mlangoni pamoja, bega kwa bega. Padre alinyamaza akatusubiri.

Jumatano, 10 Septemba

Bei ya saumu imepanda. Nami nimekonda sana.

Wengine wangeona uhusiano. Akina mama wa ghalani waliuona. Wamesema Renatus ameikaza tena mizani ili kufidia bei, na kwamba mzee akiendelea kuuzwa hivi atabaki gunia tupu. Renatus akaapa kwa jina la mama yake. Mimi niliyekuwa kwenye gunia niliona si mahali pangu kuchangia.

Nikampigia Perpetua kumpa habari njema. Hakupiga vigelegele. Aliuliza kama ninakula. Nikamwambia ninakula vizuri. Akasema mtu anayekula vizuri hapungui kama mshumaa, na kwamba ni dhahiri dawa imenikataa. Hatasubiri wiki ziishe. Jumapili anakuja na gari kunichukua.

Mpango wangu umefanikiwa kupita kiasi!

Nimeketi karibu na kaburi la Fransiska wangu jioni yote, nikimweleza. Nilimwomba radhi, maana yeye ndiye aliyemlea Perpetua awe mtu wa msimamo.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimepata ufumbuzi. Kama tatizo ni kukonda, dawa yake ni kunenepa. Leo nimekwenda kwa Renatus nikiwa na koti kubwa. Katika mfuko mmoja nyundo, katika mwingine kufuli la zizi na mnyororo wake. Chuma kiligongana mifukoni nilipotundikwa. Renatus alisema mzee, leo una mifupa mingi. Nikamwambia ni baridi.

Nimepanda kilo tatu. Nikampigia Perpetua kwa furaha: mwanangu, ninanenepa! Akasema ashukuriwe Mungu. Nilikata simu nikiwa mtu huru.

Kisha nikampigia Sista Violeth, kwa mazoea tu.

Sikutafakari vya kutosha. Sista alipaza sauti. Kilo tatu kwa usiku mmoja? Akauliza kama ninahema kwa shida. Hapana. Kama miguu imevimba. Hapana, viatu vyangu vya Misa vinanienea tena, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Akasema maji yanarudi hata kama siyaoni, nikibanwa pumzi nikimbizwe hospitali mara moja, na nisipobanwa, Jumatatu asubuhi niwe mlangoni kwake. Kitanda atakiandaa. Na Perpetua atamwarifu yeye mwenyewe.

Jumapili, 14 Septemba

Perpetua amefika. Ameniamkia, amenishika mikono akaikagua, kisha ameingia chumbani na kuanza kukunja nguo zangu. Amekunja hata koti la arusi. Kwa nini koti la arusi? Amesema, baba, huwezi kujua.

Nilipanda kilima cha nyuma ili nisimwone akikunja. Nimefika juu bila kupumzika. Mwezi uliopita nilikuwa nikikaa njiani juu ya jiwe kama kuku aliyenyeshewa. Nilitaka kumwambia. Nikaona kwamba mtu aliyemwambia kwamba amekonda, kisha kwamba amenenepa, sasa akimwambia amepanda kilima, hataaminiwa.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku ya fedheha. Naiandika kwa ufupi.

Kliniki ilijaa. Sulle alikuwepo na Yonas wake, maana naye alikuwa na kikohozi kilichotiliwa shaka. Sista Violeth alinisimamisha juu ya mizani yake mbele ya watu wote. Nilivua kofia. Nilivua viatu. Nilikuwa nikivua mkanda, Sista akasema inatosha, baba.

Mizani yake ikasoma kilo nyingi kupita hata zile za nyundo na mnyororo. Sista aliita daktari. Perpetua alianza kulia kimyakimya, akifuta kwa ncha ya kitenge, na hapo ndipo kifua kiliponibana kwa mara ya kwanza tangu nianze dawa.

Daktari alibonyeza miguu. Haikubonyea. Alisikiliza mgongo, akasikiliza kifua, akanitembeza ukumbini kwenda na kurudi, akaniuliza ninajisikiaje. Nikamwambia, daktari, naomba radhi, ninajisikia vizuri. Akakuna kichwa. Akasema mwili unasema dawa imenikubali na kilo zinasema ninakufa, hajawahi kuona. Akauliza: mzee, nyumbani unapimiwa mizani gani?

Nilianza kujibu kwa utaratibu. Nilisema ipo mizani, kwa hisani ya jirani, yenye kutumika pia katika shughuli nyingine za kiuchumi.

Sulle akapaza sauti kutoka kwenye benchi: ya Renatus, daktari! Ile ya saumu!

Foleni nzima ililipuka. Wakulima wa Mbulu wote, kila mmoja ana Renatus wake. Mama mmoja alimshika jirani yake asianguke. Mzee mwingine akasema kama gunia la saumu linapoteza kilo tano pale, Katekista ana bahati ametoka na miguu yote. Daktari peke yake hakucheka, kwa kuwa huko kwao hawalimi saumu. Sista alimweleza sikioni. Ndipo akaenda dirishani akasimama ametugeuzia mgongo, mabega yakimtikisika.

Sista alirudi kwenye kilo zangu za siku ya kwanza, zilizopimwa palepale. Nimepungua mbili tu, kilo za maji, kama inavyotakiwa. Moyo unaitika. Ningekuwa nimekaa nyumbani bila ujanja wowote, ningeshinda.

Sulle amepungua mbili na nusu. Sitalizungumzia hilo.

Daktari alisema naweza kubaki Nambis. Perpetua akasema hapana. Alisema haogopi tena moyo wangu, anaogopa akili yangu. Nitabaki kwa sharti moja: awepo mtu mzima, mkweli, wa karibu, atakayeniona nikimeza vidonge kila asubuhi na kumpigia yeye simu. Nimtaje hapo hapo.

Nikatazama ukumbi. Yonas naye alikuwa amemwinamia baba yake, akimpa sharti lilelile, neno kwa neno. Macho yangu yakakutana na ya Sulle.

Tulitajana kwa pamoja.

Jumatano, 17 Septemba

Siku ya tatu nyumbani. Perpetua alirudisha koti la arusi mahali pake kabla ya kurudi Katesh. Asubuhi nimemsalimu mama yake na kumpa taarifa, kwa kuruka sehemu ya mnyororo.

Ulinzi unakwenda vizuri. Jana Sulle alipanda kwangu kuniona nikimeza, nikashuka kwake kumwona akimeza. Leo palikuwa na ukungu, na sisi ni wagonjwa. Tumekubaliana kwa simu, kama watu wazima na wakweli, kwamba hakuna haja ya kusumbuana. Kila mmoja atakaa kwake na kuthibitisha kwamba mwenzake amemeza.

Mimi nimemeza. Nina hakika nimemeza. Chai nilikunywa, hilo nalikumbuka vizuri.

Nimempigia Yonas, nikamwambia nimemwona baba yake kwa macho yangu. Akanishukuru sana. Sulle amempigia Perpetua, naye amenipigia mimi kusema jinsi anavyolala kwa amani sasa, kwa kuwa hatimaye amepata mtu wa kuaminika.

Ili kuokoa muda nimeshaandika taarifa za Sulle hadi mwisho wa mwezi. Anaendelea vizuri sana.