Gari Lililomjua Mwenyewe

Kabla ya siku ile Khelef Ayoub alikuwa amefungua boneti ya gari mara moja tu maishani, kwa nia ya kuiba betri, na betri yenyewe akaikuta imekufa. Lakini mtu anayetafuta rizki Mjini hachagui fani. Fani hii ilimjia saa nne asubuhi, pembeni mwa soko la Darajani, alipomwona mzee wa kanzu nyeupe amekaa ndani ya gari jipya la rangi ya fedha, akibonyeza kitufe kimoja kwa dole gumba kama anayepiga kengele ya nyumba isiyo na watu.

Gari halikuwaka. Badala yake sauti ya mwanamke ilitoka kwenye dashibodi ikasema maneno mengi ya Kijapani, kwa adabu kubwa. Mzee akaisikiliza mpaka mwisho, akaiitikia "Naam," kisha akabonyeza tena.

Khelef alimtambua. Nani hamjui Bwana Zahran Mcha? Miaka ishirini na mbili alikaa kwenye kiti cha kuzunguka katika ofisi moja ya ardhi, na miaka yote hiyo viwanja vya watu vilizunguka pamoja na kiti. Wako wazee wa Fumba waliotia dole gumba kwenye karatasi zake wakiambiwa ni maombi ya bomba la maji. Bomba halijafika mpaka leo. Ukuta wa mwekezaji ulifika wiki ya pili. Alipostaafu alipewa saa ya ukutani na cheti cha uadilifu, na watu walipiga makofi kwa nguvu, maana biriani ilikuwa bado haijapakuliwa.

Mtu wa namna hiyo, Khelef alijiambia, kumwibia si wizi, ni kukusanya kodi. Akajiweka sawa kola.

"Shikamoo, Sheikh Zahran."

"Marahaba. Nenda zako, sinunui kitu."

"Wala siuzi. Nimesikia gari linalalamika, nikaona si uungwana kupita."

Bwana Zahran akamtazama vizuri. "Wewe unajua linasema nini?"

Khelef aliwahi kulitembeza kundi la watalii wa Kijapani siku tatu, kutoka Kendwa mpaka Mji Mkongwe, na katika siku hizo alijifunza neno moja, la kushukuru. "Nimekaa Osaka miaka mitatu," alisema. "Linasema limechoka kudharauliwa."

Hapo ndipo alipotokea Bi Zeyana, dadake Bwana Zahran, mkubwa kwake kwa miaka minne, anatoka sokoni na kikapu cha changu. Alikuwa mkunga mstaafu. Miaka thelathini aliendesha mwenyewe gari la kliniki barabara ya Chwaka, usiku na mvua, lakini gari hili jipya ndugu yake hakumruhusu hata kulifuta vumbi. Aliingiza kikapu dirishani, akajiingiza na yeye nusu mwili, akauliza kwa nini mpaka saa hizi bado wako hapa na samaki wanaharibika.

Wakati huohuo Khelef aliweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho, akanong'ona lile neno lake la Kijapani. "Haya, Sheikh. Bonyeza sasa."

Taa zikawaka. Gari halikutoa mlio wowote, na Bwana Zahran akadhani limekufa moja kwa moja, mpaka Khelef alipomwambia akanyage mafuta. Bi Zeyana akapanda, likaondoka kimya kama paka. Wachuuzi wa ndizi wakaguna kwa pamoja. Katika watu wote waliokuwepo aliyestaajabu zaidi alikuwa Khelef mwenyewe, ila katika kazi yake kustaajabu huachiwa wateja.

Siri yenyewe ilikuwa fupi. Wakala aliyelitoa gari bandarini alimkabidhi Bwana Zahran kidude cheusi, ukubwa wa sabuni ya hotelini, hakina meno wala tundu, akamwambia asikipoteze, maana kukipata kingine ni ghali. Bwana Zahran alisikia neno ghali, yaliyofuata hakuyasikia. Na katika nyumba yao ya Vuga kila kilicho ghali kilifungwa kwenye pindo la kanga la Bi Zeyana: ufunguo wa stoo, pete ya marehemu mama yao, na sasa kidude. Kumbe kidude ndicho ufunguo. Hakichomekwi popote, kinatosha kuwemo garini. Bi Zeyana akiwemo, au akiinamia dirishani, gari linawaka. Akiwa mbali, unaweza kubonyeza mpaka Idi. Na likishawaka, litakwenda hata kidude kikibaki nyumbani, mpaka litakapozimwa.

Bwana Zahran hakulijua hilo. Khelef hakulijua. Bi Zeyana alilijua siku ya tatu, alipoteremka na kupanda mara mbili makusudi kule Mwanakwerekwe, akamwacha ndugu yake atoke jasho.

Alinyamaza, na alikuwa na sababu. Gari lile lilikuwa fungu lake. Baba yao aliwaachia shamba Fumba, Bwana Zahran akaliuza bila kumuuliza, akamwambia siku hizi wanawake hawamiliki mashamba, wanamiliki fleti. Fleti haikuonekana. Likaonekana gari, "letu sote, dada," na kadi ina jina moja tu. Mara tano Bi Zeyana aliomba jina lake liingizwe kwenye kadi. Mara tano aliambiwa asiwe na haraka, na huyo aliyemwambia ni mtu ambaye alipoitaka ardhi ya wenziwe hakuwahi hata siku moja kukosa haraka.

Basi Khelef akawa mtu wa nyumbani. Kila jioni baada ya alasiri alikaa barazani Vuga, kahawa inamiminwa, na Bwana Zahran anatoa daftari lake la maswali ya mwenye gari jipya.

Aliuliza alichomeke wapi ili lipate umeme. Khelef akamjibu kuwa halichomekwi, linajichaji lenyewe kila ukikanyaga breki, na hilo lilikuwa kweli, alilitazama kwenye simu asubuhi ile. Aliuliza mbona linanyamaza likisimama kwenye foleni. Kwa heshima, alijibiwa. Aliuliza kama maji ya mvua pale Mnazi Mmoja yatampiga shoti. Yatampiga asiye na nia safi, alisema Khelef, na tangu hapo kila wingu likitanda Bwana Zahran alikwenda kwa miguu. Aliuliza betri kubwa ikifa itakuwaje. Swali hilo Khelef hakulijua, na kwa maswali ya aina hiyo alikuwa na dawa moja: aliinamisha kichwa, akaigonga mbao ya mlango taratibu, akasema, "Swali zuri. Tutalifikia."

Majirani walianza kuja na magari yao na maswali yao, wakatibiwa boneti. Mtu aliyeingia Mjini akiuza shanga bandia sasa anaitwa injinia, na watu wenye shahada zao walimsogezea kiti. Mji huu hauwezi kumpa mtu kazi, ila cheo unampa siku hiyohiyo.

Bi Zeyana alikuwa akikaa kwenye ngazi ya mlango, anachambua mchele. Siku moja alinyanyua uso.

"Baba Khelef, na mimi nna swali."

"Naam, Bi Zeyana."

"Gari hili halina ufunguo wa kutia. Linamjuaje mwenyewe?"

Bwana Zahran akacheka, akasema hayo ndiyo maswali ya wanawake. Khelef akaigonga mbao ya mlango. "Swali zuri, Bi. Tutalifikia."

"Hewallah," alisema Bi Zeyana, akarudi kwenye mchele wake.

Wiki ya tatu Khelef akaleta habari kubwa. Gari, alisema, limo gizani kwa sababu linafikiri kwa Kijapani. Liko duka Dar es Salaam linalofundisha magari Kiswahili, siku tatu tu, likirudi litakusalimia kwa jina. Bwana Zahran akatabasamu, lakini hakutikisika. Ndipo Khelef akashusha sauti: na kuna rejesho la kodi kwa magari yasiyotia moshi, karibu nusu ya ushuru wote, ila wakubwa wanalificha wasije wananchi wakalijua.

Bwana Zahran alikuwa amewaficha wananchi mambo mengi, kwa hiyo aliamini papo hapo. Kilichomuuma ni kwamba safari hii alikuwa upande wa wananchi.

Sharti moja, alisema Khelef: mwenyewe asionekane kule, afisa mstaafu wataanza kumchimba. Gari liende kwa jina la mwakilishi. Akatandaza fomu ya kuhamisha umiliki, nafasi ya mpokeaji iko wazi, "tutaijaza hukohuko." Bwana Zahran akatia saini bila kusoma mstari mmoja. Miaka ishirini na mbili aliwapa watu karatasi wasizozisoma, na mwisho akaamini kwamba karatasi kazi yake ni hiyo. Wakaenda kwa sheha, ikagongwa muhuri. Bi Zeyana aliiona ikiingia kwenye kijisanduku cha mbele cha gari, pamoja na kadi. Jioni ile alipika pweza wa nazi, akampakulia Khelef mara mbili.

Asubuhi ya Jumanne Khelef alikuja amevaa koti. Alikuwa ameuza vespa yake kulipia nafasi kwenye meli ya mizigo, na Dar mnunuzi anamngoja. Bi Zeyana alilifuata gari, akaingiza dirishani mfuko wa visheti vya njiani, na nusu mwili wake, kama kawaida. Khelef akabonyeza. Taa zikawaka.

"Likikugomea nipigie mimi," alisema Bi Zeyana, akampa nambari. "Usimsumbue ndugu yangu, ana presha. Na usilizime njiani, baba."

Khelef akadhani ni dua, akaitikia amin.

Gari lilipoacha Vuga likaanza kulia bipu, na yule mwanamke wa ndani akaanza kueleza jambo kwa urefu. Khelef akaiongezea redio sauti.

Kwenye lango la bandari, Malindi, alisimama mlinzi mrefu aitwaye Simai. "Zima gari, leta karatasi." Ndiyo taratibu ya pale, malori yote huzima. Khelef akazima. Karatasi zikaonekana ziko sawa. "Haya, washa uingie."

Akabonyeza. Mwanamke akasema maneno yake. Akabonyeza tena. Akashuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho, akashukuru kwa Kijapani. Nyuma yake malori manne yakapiga honi.

"Si wewe injinia wa Vuga?" Simai aliuliza. "Shemeji yangu anakusifu sana."

Gari likasukumwa pembeni na makuli sita, na kila mmoja alikuwa na ushauri. Meli ilikuwa inakunja mlango wake wa nyuma Khelef alipotoa simu.

Bi Zeyana alikuja kwa miguu, pole pole, kanga imekaa vizuri. Akafungua mlango wa abiria, akakaa. "Bonyeza."

Taa zikawaka. Khelef akageuka kumtazama, na Bi Zeyana akafungua fundo la kanga mbele ya macho yake: ufunguo wa stoo, pete, kidude cheusi. Khelef alikuwa tapeli, hakuwa mjinga.

"Siku ile nilikuuliza linamjuaje mwenyewe," alisema Bi Zeyana. "Ukaniambia tutalifikia. Basi tushafika. Toa ile fomu."

"Bi Zeyana, mimi ni mtu masikini."

"Nnajua. Ndiyo maana nakupa nafasi. Yule mlinzi ni mtoto wa Fumba, babake alitia dole kwa ajili ya bomba. Nikimwita nikamwambia gari la nani lilikuwa linakwenda wapi, atakushughulikia kwanza wewe, kwa sababu uko karibu. Kalamu unayo?"

Alikuwa nayo. Pale penye nafasi wazi aliandika kama alivyoamriwa, kwa mwandiko mzuri: Zeyana Mcha.

"Na vespa yangu?" alinong'ona.

"Visheti chukua," alisema Bi Zeyana, akazunguka upande wa usukani.

Bwana Zahran alikuwa barazani tangu adhuhuri, anawaeleza majirani kuhusu gari litakalomsalimia kwa jina. Hakulisikia likija, maana magari yale hayana mlio. Alipoinua macho lilikuwa mbele yake, na dada yake ndiye anayeteremka mlango wa dereva. Alikuwa ameshapita ofisi ya usajili.

"Mbona limerudi?" aliuliza. "Khelef yuko wapi? Na rejesho langu?"

Bi Zeyana akafunga fundo la kanga, akalikaza kwa meno. Akaigonga mbao ya mlango taratibu.

"Swali zuri, Zahran. Tutalifikia."

Akaingia ndani na kanga yake. Majirani wakatazama vikombe vyao. Bwana Zahran alishuka barazani, akaingia garini, akanyoosha kanzu, akabonyeza kitufe. Yule mwanamke wa dashibodi akamweleza tena, kwa adabu ileile, kasoro iko wapi hasa.

"Naam," aliitika Bwana Zahran, na akabonyeza tena.