Rola ya Manyoya Marefu

Jumatatu, 3 Machi

Shajara yangu, niwie radhi. Tangu Oktoba sijakuandikia hata mstari. Nilikuwa na sababu, nimezisahau. Yaliyopita si ndwele.

Jambo kubwa! Dada anakuja. Macho yake yameingia ukungu, na daktari amekataza asikae tena peke yake. Dada ndiye aliyetulea mimi na mdogo wangu baada ya mama kufariki. Alitufulia, alitusomesha, alituchapa ilipobidi. Mimi ilibidi zaidi. Sasa ndugu wawili tunamgombea. Ameagiza kwamba Jumamosi atakagua chumba changu na chumba cha mdogo wangu, kisha atachagua mwenyewe pa kuishi. Hataki kubembelezwa.

Mdogo wangu amepiga simu. Kwa upole wa kinafiki, ameuliza kama nitamlaza Dada stoo. Ni kweli kwamba chumba chetu cha nyuma kilikuwa stoo. Kilikuwa! Tangu saa tisa alasiri si stoo tena. Magunia yote nimeyahamishia barazani. Mke wangu ameuliza, sasa baraza tuiite nini?

Nitapaka rangi mwenyewe. Fundi wa nini? Mkono ninao, ukuta upo.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa muuza vifaa vya ujenzi. Nimechagua rangi ya mafuta, nyeupe ya maziwa, kwa kuwa hufutika kwa kitambaa. Rola za kupakia rangi zilining'inia kama soksi kwenye kamba. Muuzaji alitaka kujua ukuta wangu ukoje. Nikamwambia ni laini, umepigwa plasta vizuri. Akanipa rola yenye manyoya mafupi kama ya panya. Akaeleza kwamba ukuta laini na rangi ya mafuta hutaka manyoya mafupi. Marefu ni ya kuta za nje zenye mashimo.

Nikamsikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha nikafikiri. Manyoya marefu hunywa rangi nyingi. Rangi nyingi, kuchovya kuchache. Kuchovya kuchache, kumaliza mapema. Nani atabisha? Nikachukua yenye manyoya marefu kuliko zote. Akanisihi, mzee wangu, basi angalau uioshe kwanza, uikaushe, uipitishie selotepu ili manyoya yaliyolegea yatoke. Nikamjibu kwamba mtu haogi kabla ya kuzaliwa.

Mlangoni nikapishana na mdogo wangu. Mkononi ana rola tatu, zote za manyoya mafupi. Maskini! Nimemsalimia kwa huruma.

Jumatano, 5 Machi

Ukuta wa kwanza, ule wa kitanda, umekwisha kabla ya saa nne. Ushindi!

Saa nne na robo. Ukuta umeota ndevu. Manyoya kila mahali, yamenasa kwenye rangi. Nimechomoa unyoya mmoja, umeacha mfereji. Nimechomoa wa pili. Umeacha mfereji na alama ya kidole. Nikaacha. Rangi nyingine imenirukia kichwani, nyingine kwenye miwani. Mke wangu alisimama mlangoni, akashika kiuno, akauliza kama nilikuwa ninapaka rangi au ninanyoa kondoo. Kisha akanikumbusha kwamba siku zimebaki mbili. Hapo hakuwa akitania. Naye anamtaka Dada hapa. Wakikaa pamoja kushona, hucheka mambo wasiyoniambia.

Kusafisha rola. Mkebe umeandikwa kwamba chombo kisafishwe kwa tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi ya mafuta. Harufu yake huniumiza kichwa. Nimeiloweka rola kwenye ndoo ya maji na sabuni. Dunia nzima husafishwa kwa maji; rola ni nani?

Alhamisi, 6 Machi

Rola imekuwa gunzi. Gumu! Nimeigonga mezani, meza imepata kovu. Mke wangu ameshauri nirudi kwa muuzaji, nikubali kosa, ninunue ya manyoya mafupi. Nikubali kosa mbele ya muuza misumari? Afadhali ukuta ubaki na ndevu.

Nina mpango bora. Nimekwenda kwa mdogo wangu kumjulia hali. Chumba chake kimekuwa laini kama ganda la yai, rangi moja toka dari hadi sakafu. Bila kuulizwa, akaanza kunifundisha kusafisha rola. Huikwangua kwa mgongo wa kisu, rangi ikarudi mkebeni. Huivingirisha kwenye gazeti kuukuu hadi iache kudondosha. Huiosha kwa tina mara mbili, kisha kwa sabuni, kisha huichana kwa kitana. Kwa kitana! Akaniambia, kaka, ukikitunza chombo, nacho kitakutunza. Nikamwambia kwamba mkewe anamwita. Hakuwa amemwita. Alipotoka, nikachukua rola iliyokuwa dirishani, imefungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Nimeazima tu. Kitu kilichofungwa namna ile hakiwezi kuwa kichafu.

Ijumaa, 7 Machi

Kilikuwa kichafu.

Kumbe rola hufungwa plastiki ili isikauke, mwenyewe aendelee nayo kesho! Mdogo wangu alikuwa katikati ya kupaka geti lake. Kijani kilichokoza, kama chupa. Nami niliufungua mfuko huku nikichungulia nje nisionekane, nikaibandika rola ukutani kando ya mlango, nikaisukuma juu kwa nguvu zangu zote. Mstari wa kijani! Upana shubiri moja, urefu wa mlango mzima. Nikaufuta kwa kitambaa. Ukawa shubiri mbili.

Kuta nyingine nimezimaliza kwa brashi. Nilipoufikia mstari ule, rangi nyeupe ikaisha.

Mdogo wangu amepiga simu. Amesema geti lake ni nusu kijani, nusu kutu, na rola imetoweka. Nikamwambia wezi wa siku hizi hawana aibu. Mke wangu alikuwa akisikiliza. Alinitazama. Nikaenda kunawa mikono. Haikutakata.

Nimekaa kwenye kitanda kitakachokuwa cha Dada, kama atakubali. Nilitaka apate chumba kizuri. Hilo tu.

Jumamosi, 8 Machi

Dada amekuja!

Tulianza kwa mdogo wangu, sote. Dada alipapasa ukuta, akausifu. Mdogo wangu akavimba kama andazi. Lakini wakati wa kutoka, Dada aliukosa mlango. Machoni pake ukuta na mlango ni weupe mmoja. Alipapasa huku na huku, akagonga bega kwenye kabati. Mdogo wangu akakimbia kumshika mkono. Dada akauchomoa: “Niache! Nimekuogesha mimi, leo unishike mkono?”

Kisha kwangu. Aliugusa ukuta wa kitanda, akauliza kama nimeupaka kwa paka. Wote walicheka, mdogo wangu zaidi. Halafu mdogo wangu akauona mstari. Akaitambua rangi ya geti lake. Akanitazama. Nikatazama dari.

Dada alikaa kitandani, akageuza kichwa polepole. Akainuka. Akatembea moja kwa moja, bila kupapasa chochote, akatoka mlangoni. Akarudi, akakaa. Akatoka tena. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mlango huu anauona. Akataka kujua ni nani aliyefikiria kuweka rangi nzito kando yake.

Mdogo wangu alifungua mdomo. Akaufunga. Kuna siku huwa mtu mwema.

Nikasema kwamba nililipanga jambo hilo kwa muda mrefu. Dada akacheka hadi akafuta machozi: “Kiherehere! Tangu utotoni hujui kudanganya.” Hakuchagua. Atalala kwa mdogo wangu siku tatu, kwangu hatalala bado kwa kuwa rangi inanuka, na Jumanne atasema. Lakini alimwuliza mke wangu kama cherehani itatosha chini ya dirisha. Nimesikia kwa masikio yangu!

Jumapili, 9 Machi

Nimepata wazo. Ikiwa mstari mmoja umemfurahisha Dada kiasi hiki, mistari kumi na miwili itafanyaje? Mitatu kila ukuta, shubiri mbili kwa upana, urefu wa mlango. Nimekwenda dukani. Rangi ya kijani, na rola ya manyoya marefu. Muuzaji alinifungia, akatikisa kichwa.

Mke wangu amedai kwamba nikiendelea, Dada atashinda akijaribu kutoka kupitia kuta. Nimemwambia kazi ya mapambo haihukumiwi nusu. Mdogo wangu ametaka rola yake, ikiwa imesafishwa. Nimempa. Ameigonga kwenye geti, ikalia kama kengele.

Saa kumi jioni. Mistari kumi tayari. Naandika huku nimeshika barafu kwenye paji la uso. Nilikuwa ninatoka kwenda kunywa chai, nikaupamia ukuta kwenye mstari wa saba. Ulivyofanana na mlango! Dada atafurahi mno. Ameahidi kuamua Jumanne. Neno likimtoka tu, nitakuandikia siku hiyohiyo, ingawa sina shaka ni neno gani.