Ukuta wa Kushoto

Jumanne, Mei 9
Mvua. Mke wangu Nesta ameketi kidogo kwenye karavani, akainuka sketi imelowa nyuma. Nyumba hii ndogo ya magurudumu ilikuwa ya marehemu baba yake. Anataka kutimiza miaka sitini akiwa ndani yake, kwenye uwanja uleule wa karavani mjini Cricieth ambako baba alizoea kuiegesha, tarehe 27. Nimebonyeza ukuta chini ya dirisha. Kidole kimezama hadi pingili ya pili. Nimemwambia mke wangu ni jasho la ukuta tu. Sikumtajia kishikio cha bendera nilichokikaza pale juu mwaka jana, skrubu nne, bila gundi ya kuziba. Bendera yenyewe ilipendeza.

Jumatano, Mei 10
Shemeji Idwal, kaka yake Nesta, ameleta mayai. Ni seremala na mfugaji, na hajawahi kujua jambo akalinyamazia. Hubeba kipima unyevu mfukoni kama wengine wanavyobeba kitana. Amekichomeka ukutani. Kikalia. Amesema kiunzi cha mbao kimeoza, na kisipopona kabla ya tarehe 27 ataichukua karavani, abomoe juu, magurudumu ayafanyie trela ya kondoo. Nesta amekwenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Nimesema nitaitengeneza mwenyewe.

"Kwa mikono hiyohiyo, Emlyn?" akauliza shemeji.

Ijumaa, Mei 12
Mpango wa kwanza: rangi. Nimeupaka ukuta mara mbili, nyeupe. Rangi imekauka, ukuta haujakauka. Kufikia adhuhuri umeota malengelenge. Nimeyatoboa kwa pini. Yametoa maji.

Jumapili, Mei 14
Sikwenda kanisani. Nimesingizia tumbo. Mpango wa pili: mashine ya Nesta ya kukaushia nywele, nimeifunga kwenye kiti ikielekea ukutani. Imefanya kazi saa mbili, ikatoa harufu, ikafa. Nesta amerudi amenyeshewa, akaiulizia.

Jumatano, Mei 17
Mpango wa tatu, wa kiume. Nimebandua plaiwudi ya ndani. Mbao nyuma yake ni nyeusi, laini kama keki iliyochovywa chai. Kiunzi nimekichota kwa kijiko. Uyoga mmoja, mzuri tu. Kungoja pakauke ni kupoteza wakati. Nimepachika mbao mpya, skrubu ndefu kuliko zote dukani, kwa uimara. Nimefunga ukuta, nikabandika karatasi ya maua. Baba mkwe angejivunia.
Miwani yangu haionekani. Namshuku paka.

Jumamosi, Mei 20
Idwal amekuja kukagua. Hata hakuingia. Alisimama nje upande wa kushoto, akilitazama bati la ukuta kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Ncha kumi na moja za skrubu zimetokeza nje. Ametundika kofia yake kwenye mojawapo.

Nimemweleza kwamba kazi ile si yangu. Nilimwita fundi wa mji wa Pwllheli, mtu anayesifiwa sana.

Idwal ameingia, akabandua ukuta, akapitisha mkono katikati ya mbao. Ametoa miwani yangu.

"Nesta," akaita, "fundi wa Pwllheli amesahau macho yake."

Nesta hakucheka. Alikaa kwenye kidato cha mlango, mvua ikimpiga magotini.

"Mmoja anataka magurudumu," akasema, "mwingine anataka sifa. Mimi nataka kulala alipolala baba. Basi. Hakuna mwingine anayelitaka hilo?"

Tumetazamana viatu. Kisha Idwal akavua koti. Na mimi nikalivua langu, baada ya muda.

Alhamisi, Mei 25
Siku tano chini ya utawala wa Idwal. Amekata mbao zote zilizooza mpaka akafika kwenye mbao nzima. Amezitoa skrubu zangu. Siku tatu ameiacha mifupa ya ukuta wazi ikauke, bila kufanya lolote, na watu wanamwita fundi. Leo ameunga vipande vipya kwa gundi, kila kimoja kikiingia mahali pake kama droo. Matundu ya bati ameyaziba moja moja, akiyahesabu kwa sauti. Kazi yangu ilikuwa kushika taa.

Mwishowe amekifungua kishikio cha bendera. Ameziweka zile skrubu nne kiganjani, zina kutu, akaniangalia.

"Maji yameingilia hapa."

Nimekiri. Amezitia mfukoni. Nesta alipoleta chai, Idwal amemwambia chanzo ni uzee wa gundi. Sijui ananitunzia siri hii kwa lengo gani.

Jumapili, Mei 28
Cricieth. Imenyesha tangu jana asubuhi. Kipima unyevu alichotuazima Idwal hakilii. Usiku Nesta amelala ameuegemeza mgongo kwenye ukuta wa kushoto, na asubuhi amempigia simu Idwal kumshukuru, kwa maneno mengi. Mimi amenishukuru kwa taa.

Jirani yetu uwanjani, Bwana Tegid, amesikia habari za ukuta. Sakafu ya karavani yake inabonyea mlangoni. Alitaka namba ya Idwal. Nimemwambia asimsumbue mzee wa watu, Idwal alinisaidia tu kubeba vifaa. Nimeipiga teke sakafu mara mbili, nikasikiliza, nikatikisa kichwa kitaalamu. Nimemhakikishia ni kazi ya asubuhi moja.
Atakuwa kanisani hadi saa sita. Sakafu nimeshaikata nusu. Chini yake kuna bomba fulani. Halionekani kuwa la muhimu.