Diba Mwenyewe na Plagi Nne

Katika Tana River nzima, kuanzia Bura mpaka Kipini, ni mtu mmoja tu aliyezaliwa mara mbili. Mara ya kwanza alizaliwa na mama yake, Dahabo, kama sisi wengine. Mara ya pili alizaliwa na gari. Tena mchana kweupe, mbele ya soko zima la Garsen, kwa kuvutwa miguu!

Mtu huyo ni Diba.

Diba alikuwa kijana wa Kiorma aliyekwenda Mombasa kutafuta maisha akarudi na maringo. Mwaka ule wa baada ya mvua za El Nino, barabara ikiwa bado mashimo matupu, aliingia Garsen na gari jekundu la viti viwili lililotoka Japani kwa kupitia Dubai. Lilikuwa fupi kama kiatu. Mbuzi walilitazama kutoka juu!

Ajabu yake kubwa ilikuwa injini. Haikuwa mbele, wala haikuwa nyuma kabisa. Ilikuwa katikati, mgongoni mwa dereva, chini ya kifuniko chembamba. Kila asubuhi Diba aliegesha mbele ya hoteli ya chai, akafungua boneti ya mbele, akaita watu.

"Haya, nionyesheni injini iko wapi!"

Watu walichungulia wakaona gurudumu la akiba na hewa.

"Wallahi, imeibiwa!"

"Wapi! Hayo ndiyo mambo ya spoti. Injini iko katikati, kama moyo. Nyinyi mmezoea matrekta."

"Moyo uko kushoto, bwana," alisema Isaac, fundi Mpokomo aliyekuwa na gereji yake kando ya soko, bingwa wa pampu za maji na wa kujisikia.

"Wa kwako," Diba akamjibu.

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "mwenyewe". Aliliosha gari mwenyewe. Alijaza magurudumu upepo mwenyewe. Na kwa kuwa wengine walichelewa kumsifu, alijisifu mwenyewe. "Ukimpa fundi gari kama hili," alikuwa akisema, "wewe si mwanamume, wewe ni abiria."

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Diba hakuweza kulifanya mwenyewe, nalo ni kuoa.

Alimpenda Hamdia, binti wa Mzee Dukicha, aliyekuwa na boma lake nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Hola. Alimpenda kweli, hapo tusimdhulumu. Wazee wa ukoo wake walikuwa wameshakwenda kuposa, na Mzee Dukicha alikuwa ameshawajibu.

"Maneno nimesikia. Sasa nataka kuona kijana. Ijumaa, baada ya Alasiri, akuje na mama yake, na kibuyu ya samli ya ng'ombe ya kwao, vile sisi tulifanya zamani. Kama hakuna, Jumamosi mimi nasikiza watu ya Abdikarim."

Abdikarim alikuwa kijana wa Bura mwenye pikipiki. Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu, lakini ilikuwa na sifa moja: ilifika inakokwenda.

Hamdia naye alimtumia Diba ujumbe wake. "Mimi nakutaka wewe. Nakuomba kitu kimoja tu: siku hiyo usifanye vituko."

Diba aliapa. Masikini!

Ijumaa ikafika. Wazee wa ukoo, kwa kuwa gari lilikuwa la viti viwili, waliambiwa watangulie kwa miguu. Mama Dahabo akaketi kwenye kiti cha abiria, ndani ya buibui jipya, kibuyu cha samli mapajani. Samli hiyo aliikusanya kijiko kwa kijiko, kutoka kwa ng'ombe wachache waliobaki baada ya mafuriko. Alikishika kibuyu kile kwa mikono miwili.

Diba akawasha gari. Gari likakohoa. Likatingishika, likakata, likakohoa tena.

Isaac, bila kuitwa, akaja na kutega sikio. "Plagi. Lete nibadilishe, hata chai yako haitapoa."

"Plagi mpya ninazo, na spana yake ninayo," Diba alisema akivuta tai. Alikuwa amevaa suti nyeusi, na kwenye mkono wa kulia saa ya dhahabu ya Dubai, pana kama kifuniko cha birika. "Isaac, kwa pampu za maji nakuheshimu. Hii nitafanya mwenyewe."

"Mwanangu, mpe Isaac," Mama Dahabo alisihi.

"Mama, tulia! Ni plagi nne tu!"

Akafungua kifuniko cha katikati, akatandaza kitabu cha gari kilichoandikwa Kijapani kitupu, akaanza kusoma picha. Kwenye picha, mtu mwenye glavu nyeupe alikuwa akibadilisha plagi huku anatabasamu. Diba naye akatabasamu. Sharti la kwanza likawa limetimia.

Wakati huo watu walikuwa wanatoka msikitini, swala ya Alasiri imekwisha, na hakuna aliyekwenda nyumbani. Plagi ya kwanza ikatoka. Diba akaiinua juu watu waione, kama mng'oa meno. Ya pili ikatoka. Ya tatu na ya nne nazo zikatoka, na soko likapiga makofi! Hata Isaac alikuna kichwa.

Yakabaki mashimo manne wazi, yakisubiri plagi mpya. Diba akageuka kuwapungia mkono mashabiki, na spana ikamponyoka. Ikalia ting, ting, ikatumbukia kwenye ufa mwembamba kati ya injini na ukuta wa viti.

"Hakuna neno," alisema Diba. Akalala kifudifudi juu ya injini, akaingiza mkono hadi kwapani, kichwa kikafuata, na miguu ikabaki nje ikitazama mbinguni.

"Diba?" aliita mama yake.

"Nimeishika!"

"Haya, toa mkono."

Miguu ikapiga mateke hewani.

"Diba?"

"Mama," sauti ikatoka ndani, nyembamba, "mkono hautoki."

Isaac akachungulia. Ile saa ya Dubai ilikuwa imepita chini ya bomba, na sasa haikutaka kurudi.

"Vua saa!"

"Kwa mkono gani? Huu mwingine nimeulalia!"

"Basi achilia spana, ngumi ikunjuke!"

"Siachilii! Nimeitafuta mwenyewe!"

Isaac akainuka, akapangusa mikono kama daktari mwenye habari mbaya. "Itabidi tufungue viti, tufungue bomba, labda tuteremshe injini. Jumatatu hivi, Mungu akipenda, atakuwa huru."

"Jumatatu!" alilia Diba kutoka ndani. "Jumamosi ni ya Abdikarim! Jamani, Hamdia wangu!"

Kilio hicho kilimwinua Mama Dahabo kitini. Akazunguka gari mara moja. Akaitazama ile miguu. Akakunja mikono ya buibui.

"Nyinyi nyote mmesimama hapo na ng'ombe mnafuga," alisema. "Ndama akikwama, nani anabomoa ng'ombe? Ndama anapakwa mafuta, anavutwa pole pole!"

Wanaume wa Kiorma waliokuwepo wakatazamana. Kweli bwana! Hii kazi wanaijua tangu wakiwa wadogo. Kumbe ni mambo ya zizini tu!

"Mimi nina grisi," alisema Isaac.

"Grisi kwenye suti ya posa? Wewe una wazimu?" Mama Dahabo akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akafungua kibuyu.

"Mama, nasikia harufu ya samli! Mama, hiyo ni ya Mzee Dukicha!"

"Tone moja tu. Nyamaza, usihangaishe tumbo la gari."

Lakini joto la Garsen mnalijua. Samli ilikuwa imeyeyuka kitambo, imekuwa maji. Tone likatoka likiwa na ndugu zake wote. Likapita shingoni kwa Diba, likapita begani, likaingia kwenye ufa, na lililozidi likajimwaga kwenye yale mashimo manne.

"Mama, mashimo! Mashimo!" Isaac alipiga kelele.

"Acha kelele, unamtisha! Haya, shikeni miguu!"

Wanaume wanne wakashika miguu. Mama Dahabo akasimamia.

"Msivute ovyo! Mngojeni avute pumzi. Sasa!"

"Hooop!"

"Bega linakuja!"

"Pole pole, mnamvunja!"

"Kichwa! Kichwa kimetoka!"

Gari likalia *plop*, na Diba akatoka mzima mzima, akamwangukia Isaac tumboni. Aling'aa kuanzia nywele hadi tai. Spana ilikuwa mkononi. Saa ilibaki ndani, na iko humo mpaka leo.

"Ni dume!" mtu mmoja akatangaza, na soko likalipuka kwa vigelegele. Mama Dahabo, kwa mazoea tu, akapiga magoti akaanza kumpangusa pua kwa ncha ya buibui.

Isaac alijinasua, amekasirika kweli. "Samli imeingia ndani ya injini. Tuizungushe kwanza bila plagi, iiteme."

"Hakuna wakati! Kwani samli si mafuta? Na injini si inataka mafuta?"

"Bwana, injini haili pilau!"

Diba hakusikia. Alifunga plagi zile nne, mwenyewe, kwa mikono iliyoteleza. Akamrudisha mama yake kitini, na kibuyu chake chepesi. Akawasha.

Gari likapiga chafya. Likanyamaza, likafikiri. Halafu likanguruma, na nyuma yake likatoa wingu jeupe zito, na ndani ya wingu hilo, jamani, harufu! Harufu ya samli ya Kiorma ikiwa kwenye moto! Harufu ya sikukuu, ya harusi, ya mtoto aliyerudi kutoka Maka!

Garsen nzima ikainua pua. Mwenye duka akafunga duka. Mpishi wa hoteli aliacha sufuria zake mwenyewe.

"Kuna karamu!"

"Wapi?"

"Sijui! Fuata moshi!"

Kwa kuwa barabara ilikuwa mashimo na gari lilikuwa chini, Diba alikwenda mwendo wa kobe, na watu walimfuata bila hata kutoka jasho. Njiani waliwapita wazee wa ukoo, nao wakanusa, wakaongeza hatua. Diba aliwaona kwenye kioo. "Unaona, mama?" alisema. "Wanatusindikiza." Mama Dahabo alikuwa akitazama ndani ya kibuyu kwa jicho moja.

Mzee Dukicha alikuwa amesimama mlangoni mwa boma lake, ameegemea fimbo, pua juu.

"Hamdia! Nani anapika?"

"Hakuna mtu, baba."

Moshi ukafika. Nyuma ya moshi likafika gari, na nyuma ya gari wakafika watu, wengine tayari wamenawa mikono. Diba akashuka, anameremeta.

"Asalaam aleikum, mzee."

"Waaleikum salaam. Hii watu yote ni yako?"

"Hapana, mzee. Wamenifuata tu."

"Na samli iko wapi? Mimi nimesikia harufu yake tangu nyinyi mko mbali."

Mama Dahabo akakifungua kibuyu. Akakigeuza juu chini. Likatoka tone moja, likaning'inia, likaanguka mchangani. Machozi yalimlengalenga.

Mzee Dukicha alilitazama tone lile. Akautazama moshi. Akalizunguka gari taratibu, kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Huyu tumbo yake iko wapi?"

Nyuma ya mlango, Hamdia alimtikisia Diba kichwa. Usijibu. Tafadhali, usijibu. Lakini Diba na swali hilo!

"Hapo ndipo ajabu yake, mzee! Iko katikati! Na plagi zote nne nimebadilisha leo, mimi mwenyewe!"

Hamdia akaufunika uso kwa mtandio.

"Mimi," alisema Mzee Dukicha, "maji ilichukua ng'ombe yangu mingi. Lakini ile imebaki, yote inanipa samli. Wewe iko na moja tu." Akaligonga gari kwa fimbo. "Na hii moja, inakunywa!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na gari nalo, kama lililosikia aibu, likatetemeka, likazima.

Kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Mombasa, Diba aliinamisha kichwa. Aliitazama suti yake, akamtazama mama yake aliyekumbatia kibuyu kitupu, na moyo ukamuuma.

"Mzee, nisamehe," alisema taratibu. "Kosa ni langu, si la mama. Usiwasikilize watu wa Abdikarim. Mimi nampenda Hamdia."

Mzee akachora mstari mchangani kwa fimbo.

"Nasikia wewe unafanya kila kitu mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Kila kitu?"

"Ki... kila kitu."

"Vizuri. Hamdia! Leta kile kibuyu kikubwa ya maziwa. Samli ikitoka, mimi sisikizi watu ya Abdikarim."

Watu waliposikia hivyo, wakashika midomo. Kusuka maziwa, kuyatikisa kibuyuni mpaka siagi itoke! Kazi ambayo hakuna aliyewahi kumwona mwanamume wa Kiorma akiifanya, sembuse mwenye tai! Lakini mkeka ulitandikwa kwenye kivuli cha gari jekundu, na Diba akaketi, akapakata kibuyu, akaanza kutikisa. Watu hawakuondoka. Walikuja kwa harufu ya samli, wakaona wangoje mpaka itoke.

Alitikisa mpaka tai ikageukia mgongoni. Alichungulia ndani: maziwa matupu. Akatikisa tena. Mikono iliwaka moto.

Hamdia akaja akachutama pembeni yake. Alijikaza asicheke, akashindwa.

"Nilikuomba kitu kimoja tu," alisema.

"Najua."

"Umechoka?"

Diba akahema, akatikisa tena.

"Lete nikusaidie," alinong'ona Hamdia, na akanyoosha mikono.

Diba akafungua mdomo aseme ndiyo, ndiyo tafadhali, Mungu akubariki. Lakini kabla neno halijatoka, Mzee Dukicha, Isaac, wazee wa ukoo na soko zima la Garsen walimjibia kwa sauti moja:

"Mwenyewe!"